KATOKA JELA: SIKU ZAKE AROBAINI TUNAZO SISI

Siku za mwizi ni arobaini. Methali hii tumeikariri tangu tukiwa darasa la pili, na kila kibaka akinaswa sokoni lazima atokee mtu wa kuitamka kwa mbwembwe, utadhani kaitunga yeye jana usiku. Haya bwana, zimetimia. Mtu kakamatwa, kasomewa mashitaka, kapanda karandinga, kapigwa mvua zake tano na kazimaliza. Sasa katoka. Je, siku arobaini za mtu aliyetoka jela anazihesabu nani?

Leo nataka tuzihesabu mimi na wewe, msomaji wangu. Usinikunjie uso mapema ukasema huyu naye kaanza kutetea wezi. Simtetei mwizi. Natetea redio yako, baiskeli yako na kuku wako, na mwisho wa safu hii utaona kwa nini.

Mtwara yetu ni mji, lakini kwa habari za watu ni kijiji. Mtu akitoka Gereza la Lilungu saa tatu asubuhi, saa sita Magomeni wameshajua, Chikongola wameshajua, na kivuko cha jioni kimeshaipeleka habari Msangamkuu. Huko kwenye vibaraza utasikia: "Hee! Katoka?" "Ingizeni baiskeli ndani." "Mwambie mwanao asikae naye." Wote wanauliza katoka lini, kafungwa kwa nini, kabakiza nini. Anayeuliza "kala?" humsikii.

Ndiyo maana nasema jela zipo mbili. Ya kwanza anakupeleka hakimu, nayo ina tarehe ya mwisho imeandikwa kwenye karatasi. Ya pili tunakupeleka sisi wa mtaani, na hiyo haina tarehe, haina rufaa wala msamaha wa Rais.

NAMBA ZINAZORUDI NYUMBANI

Usidhani nazungumzia watu wawili watatu. Desemba 9, 2017, Rais John Magufuli alitangaza msamaha uliowagusa wafungwa 8,157. Kati yao 1,828 walitoka palepale, wengine wakapunguziwa vifungo. Desemba 9, 2019 akasamehe wengine 5,533. Aprili 26, 2021, Rais Samia Suluhu Hassan naye akatoa msamaha kwa wafungwa 5,001, ambao 1,516 kati yao waliachiwa siku hiyo. Hapo sijahesabu wanaomaliza vifungo vyao kimyakimya kila wiki, bila kamera wala hotuba.

Tunapenda kuisikia habari hiyo kwenye taarifa ya saa mbili usiku. Tunapiga makofi, tunasema Rais ana huruma, halafu tunabadilisha stesheni tutafute mpira. Lakini kila mmoja kati ya hao anagonga mlango mahali fulani. Huenda ni mlango wa mama yake kule Naumbu, wa mjomba wake Tangazo, au wa mke ambaye siku hizi anaishi na mwanamume mwingine.

Katika msamaha ule wa 2019 ilitokea kioja kilichozungumzwa nchi nzima. Mfungwa mmoja wa Gereza la Ruanda, Mbeya, aliachiwa huru na wenzake, na badala ya kukimbia kwa furaha akarudi gerezani. Watu walicheka sana, ati kazoea ugali wa bure. Mimi sikuona cha kuchekesha. Mtu mzima akiona geti la jela ni afadhali kuliko barabara iliyo mbele yake, huyo katuambia jambo kuhusu barabara yetu.

SIKU YA KWANZA

Humu simtaji mtu jina. Nitamchukua kijana wa kufikirika, nimwite Mwenzetu, maana ndivyo alivyo. Yeye ni wa kufikirika, lakini yatakayompata wapo wanaoyajua kwa ngozi zao.

Mwenzetu anatoka na nguo alizoingia nazo. Suruali inamvuka, maana kapungua. Simu aliyoiacha ilikuwa ya tochi, na laini yake ilishakufa. Namba alizokuwa anazijua kwa kichwa hazipatikani. Akitaka laini mpya anaambiwa alete namba ya NIDA na aweke kidole, kwa kuwa tangu mwaka 2020 laini bila kidole hakuna. Hana namba ya NIDA, maana wenzake walipopanga foleni ya kupigwa picha yeye alikuwa anapangwa foleni ya kuhesabiwa. Bila laini hana M-Pesa. Bila M-Pesa hata dada yake aliyeko Dar es Salaam akitaka kumtumia elfu tano ya sabuni hawezi.

Kama kifungo alikitumikia mbali, mathalani Ukonga, ana safari ya zaidi ya kilomita mia tano mpaka afike kwao. Siku hizi kuna lami na daraja. Wazee wanaokumbuka kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003 watakwambia safari ya Kusini wakati wa masika ilivyokuwa. Ndugu wengi hawakuweza kumtembelea mtu wao hata mara moja, si kwa chuki, ni kwa nauli. Mwenzetu yeye anajua tu kwamba hakuja mtu.

Sasa sikiliza, hapa ndipo penye kiini cha habari yangu. Mtu anayetoka jela bila senti wala simu, nani anamwahi? Mama anataka kuja lakini hajui siku. Mjomba kasusa, anasema kijana kamtia aibu. Jirani yuko dirishani anachungulia. Anayekuja kwa kicheko na mikono miwili ni yule yule rafiki wa zamani waliyekuwa wanaruka naye kuta. "Oyaa, kamanda! Umetoka? Twende ukale." Anamnunulia wali na pweza, anampa shati, anampa pa kulala, tena hamuulizi maswali. Siku ya kumi anamwambia, "Kuna kijikazi kidogo tu, cha usiku mmoja."

Utamlaumu Mwenzetu, na una haki. Lakini wakati anapewa wali wewe ulikuwa wapi? Anayemlisha siku arobaini za kwanza ndiye anayempata. Haya ni mashindano, na wahalifu wanatushinda kwa sababu wao wanawahi.

KUHESABIWA KUNAKOMFUATA MTU

Ndugu wengi huwa na hamu ya kumwona mtu wao kabadilika siku hiyo hiyo. Wiki ya kwanza mama analalamika: mwanangu haongei, mwanangu analala mchana, nikimuuliza unataka kula nini ananitumbulia macho.

Mama yangu, mvumilie. Jela unaamshwa, unahesabiwa, unapangiwa kazi, unapangiwa chakula, unahesabiwa tena, unafungiwa. Miaka mitano mtu hajachagua hata saa ya kuzima taa. Leo unamweka mbele ya vyungu vitatu unamwambia achague! Wengine hawalali mlango ukiwa wazi. Wengine wakisikia funguo zinalia wanasimama wima. Huo si wazimu, ni mazoea yaliyoingia mwilini, na yanatoka taratibu kama yalivyoingia.

Anachohitaji kwanza si mahubiri. Hata kama unamfanyia kisomo au ibada ya shukrani, na ni jambo zuri, usigeuze hadhara ile kuwa mahakama ya pili ambapo kila shangazi anasimama kumsimanga. Mpe pa kulala, mpe kazi ndogo ya nyumbani: kuchota maji, kuezua paa na kuliezeka upya, kupalilia mihogo. Mtu akisema "banda hili nimelijenga mimi" anaanza kujiona mtu.

MKE, WATOTO NA MIKOROSHO

Siku ya pili au ya tatu inakuja habari nzito. Mke hayupo.

Tusifanye haraka kumtukana mama huyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yenyewe inatambua kwamba kifungo cha maisha au cha miaka mitano na zaidi kinaweza kuwa moja ya sababu za kuionyesha mahakama kwamba ndoa imevunjika. Mwanamke aliyeachwa na watoto watatu, bila karo, bila mtu wa kupulizia mikorosho, kafanya alichoweza. Kinachotakiwa ni Mwenzetu aambiwe ukweli na mtu anayemheshimu, mapema, akiwa kakaa kwenye mkeka nyumbani. Asije akauokota ukweli huo kwenye kilabu cha uraka, maana akiusikia pale kwa dhihaka, na nipa kichwani, kesho yake tunazungumzia kesi nyingine kabisa.

Hapa ndipo mjomba anapohitajika. Kwa sisi wa huku, kwa Wamakonde hasa, mjomba si mtu wa kuletewa kuku tu siku ya sikukuu. Ndiye mwenye neno juu ya mpwa wake. Kijana akija akasema, "Shikamoo mjomba, nimerudi," jibu la mjomba linaweza kumjenga au kummaliza. "Marahaba mpwa wangu, karibu, kaa" ni maneno machache yasiyouzwa dukani.

Halafu kuna mikorosho. Mtu katoka, anakwenda shambani kwake, anakuta ndugu yake anaokota, anauza kwenye AMCOS kwa jina lake mwenyewe, na fedha zinaingia benki kwenye akaunti ya ndugu huyo. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uingie Mtwara msimu wa 2007/08, biashara ya korosho imekuwa ya karatasi na majina. Jina lako likiwa halimo kwenye orodha ya wakulima, salfa hupati, na mizigo yako inabidi ipitie mgongo wa mtu. Kifungo hakikunyang'anyi shamba. Lakini kama hakuna mzee wa kusema "mikorosho hii ishirini ni ya fulani, tumemtunzia", Mwenzetu atashika panga, na yule ndugu naye atashika la kwake.

Kwa hiyo familia yenye mtu jela ikae kikao kabla hajatoka. Shamba linashikwa na nani, msimu huu anapata nini, mwakani anarudishiwa lini. Yaandikwe, mwenyekiti wa kijiji ayaone. Kikao cha saa moja kinaokoa damu.

NA MWANAMKE AKITOKA?

Mwanamume akitoka jela, kuna wajinga wanaompa sifa, wanamwita komando. Mwanamke akitoka hakuna sifa. Anaitwa majina nisiyoweza kuyaandika kwenye gazeti linalosomwa na watoto. Wapo walioingia kwa kukamatwa na nipa waliyokuwa wanaipika ili walipe ada ya shule, wapo walioingia na mtoto mgongoni ananyonya. Mtoto huyo akitoka anaogopa mbwa, anaogopa gari, na majirani wanamwita "mtoto wa jela" kana kwamba yeye ndiye aliyehukumiwa.

Akina mama wa vikundi, hili ni lenu. Mnakutana kila wiki kwenye VICOBA, mnaweka hisa, mnacheka. Mkaribisheni aanze na hisa moja. Hakuna aliyewaambia mumpe funguo ya sanduku siku ya kwanza. Sanduku lina kufuli tatu kwa sababu nzuri, na hata ninyi msiowahi kufungwa hamuaminiani mpaka hapo! Mpeni kiti tu na jina lake kwenye daftari.

KARATASI NA KAZI

Tukija kwenye kazi, tuseme ukweli. Kazi nyingi za kuajiriwa rasmi zinataka cheti cha tabia njema cha polisi, na cheti hicho kinapatikana kwa alama za vidole. Vidole vya Mwenzetu vitasema yote kabla yeye hajafungua mdomo. Kwa hiyo wengi wao njia yao ni kujiajiri au kuajiriwa na mtu anayewajua.

Bahati nzuri magereza yetu si ya kukaa bure. Jeshi la Magereza lina shirika lake la uzalishaji mali, SHIMA. Wapo wafungwa wanaoseremala Ukonga, wapo wanaoshona viatu Karanga kule Moshi, na huko Mbeya kuna chuo cha ufundi ndani ya eneo la Ruanda. Wengine wamelima mpaka wamekuwa mabwana shamba wasio na cheti. Mtu katoka na ujuzi, lakini ujuzi bila randa wala cherehani ni hadithi. Mkono mtupu haulambwi.

Anayetaka kumsaidia asimpe fedha mkononi, ampe kifaa. Randa moja, msumeno mmoja, nyavu halali, jembe na kilo chache za mbegu. Kisha ampeleke VETA hapa hapa Mtwara, maana VETA wana utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunzia nje ya darasa na kumpa cheti cha ujuzi wake. Cheti hicho hakiandiki kwamba useremala uliufahamu ukiwa umevaa sare ya rangi gani.

Halmashauri nazo zinatenga asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na ikarejeshwa 2024. Inatoka kwa vikundi. Na kikundi ni nini kama si watu wanaokubali kuandika jina lako pamoja na majina yao? Hapo tunarudi kule kule: hata fedha ya serikali haimfikii Mwenzetu mpaka sisi wa mtaani tukubali kukaa naye benchi moja.

Na karatasi ya kwanza kabisa ni ya bure: barua ya serikali ya mtaa au ya kijiji kwamba huyu ni mkazi wetu. Ukienda huku mwambao wa Ruvuma, Mahurunga, Kitaya au Kilambo, mtu asiye na karatasi anaulizwa maswali mengi. Na si bure. Oktoba 2020 Kitaya ilivamiwa na wapiganaji waliovuka mto kutoka Msumbiji, na tangu hapo sura ngeni inatia watu wasiwasi. Mtu aliyekosekana kijijini miaka saba ni sura ngeni. Mwenyekiti akimwandikia barua siku ya kwanza na kumtambulisha kwenye mkutano, amemlinda yeye na amekilinda kijiji.

TAJIRI WA BARUTI HALALI

Wa pwani mnajua habari hii. Kuanzia Msangamkuu mpaka Msimbati na mdomo wa Ruvuma, tangu mwaka 2000 kuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi, kilomita za mraba 650 za matumbawe, mikoko na maji. Baruti zilipigwa sana kwenye miamba hii miaka ya nyuma, zikatuachia mawe makavu na wavuvi wasio na vidole. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inazikataza, na wapo waliokwenda jela kwa ajili yake.

Mvuvi huyo akitoka, chombo hana, nyavu hana, leseni hana. Anakaa ufukweni anaangalia wenzake wakitweka tanga. Tajiri aliyekuwa anamnunulia baruti hakufungwa. Yupo, ana pikipiki mpya, na anajua siku ambayo mtu wake anatoka. Mkimwacha Mwenzetu asote pale mchangani mwezi mzima, mnamrudisha kwa tajiri wenyewe, halafu mnalalamika samaki wamekwisha.

Nahodha mmoja akimpa nafasi ya ubaharia kwenye mashua yake, mgawo wa kawaida, amefanya kazi kubwa kuliko doria ya usiku kucha. Na kamati za uvuvi za vijiji zingekaa na mtu huyo zikamsikiliza, maana anajua njia zote zinazopitishwa vitu hivyo. Hakuna mlinzi mzuri wa mwamba kama aliyewahi kuuvunja akajuta.

SHERIA INASEMAJE

Wengi wanadhani kifungo ni kifungo tu. Hapana. Chini ya Sheria ya Magereza ya 1967 mfungwa mwenye nidhamu hupunguziwa theluthi moja ya kifungo chake. Mwaka 1994 ikatungwa Sheria ya Bodi za Parole, inayowezesha baadhi ya wafungwa wa vifungo virefu kumalizia adhabu nje wakiwa chini ya uangalizi. Makosa kama unyang'anyi wa kutumia silaha na dawa za kulevya hayamo. Mwaka 2002 ikaja Sheria ya Huduma kwa Jamii: mtu aliyestahili kifungo kisichozidi miaka mitatu anaweza kufanya kazi za umma bila malipo, kwa mfano kufyeka uwanja wa zahanati, na jioni akalala kwake na watoto wake.

Sasa sisi tukimwona anafyeka tunapiga miluzi! Ndugu zangu, huyo anatumikia adhabu na wakati huo huo mke yupo, shamba lipo, kazi haijapotea. Hahitaji kujengwa upya kwa sababu hajabomolewa. Mwacheni afyeke kwa amani.

Na dunia imekubaliana juu ya hili. Kanuni za Umoja wa Mataifa za kuwatendea wafungwa, zilizofanyiwa marekebisho mwaka 2015 na kupewa jina la Nelson Mandela, ambaye mwenyewe alikaa ndani miaka 27, zinataka anayetoka awe, kadiri inavyowezekana, na vitambulisho, pa kuishi, kazi, nguo zinazofaa na uwezo wa kufika kwao. Zinasema wazi kwamba wajibu wa jamii hauishii siku ya kuachiwa. Jirani zetu wa Kenya wana idara ambayo hata jina lake linataja huduma ya baada ya kifungo. Sisi tuna maofisa wa probesheni na uangalizi chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Lakini ofisa hawezi kulala kwenye kila nyumba.

KOLEO LIKIVUNJIKA

Mtu ataniambia: hao hawabadiliki. Susan Kigula wa Uganda alihukumiwa kunyongwa mwaka 2002. Akiwa ndani alisoma, akaongoza kesi iliyofuta hukumu ya kifo ya lazima nchini mwake mwaka 2009, akatoka mwaka 2016. Peter Ouko wa Kenya alikuwa mfungwa wa Kamiti. Akatoka kwa msamaha mwaka 2016, na kupitia Crime Si Poa anazunguka kuwaambia vijana kwamba uhalifu hauna dili. Wote wawili walipata mtu wa kuwashika mkono wakiwa bado ndani. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Wapo pia ambao hawakufanya lolote. Mei 2013 mji wetu ulipowaka moto kwa ajili ya bomba la gesi, vijana wengi walizolewa. Mtu kukaa mahabusu si kupatikana na hatia. Lakini mtaani hatutofautishi, aliyeachiwa na mahakama na aliyemaliza kifungo wote tunawaambia "katoka jela". Huko ni kumhukumu mtu ambaye hakimu mwenyewe kamwachia.

NA ALIYEIBIWA JE?

Nasikia mwenye redio yake ananiuliza: na mimi? Swali zuri. Kumsaidia Mwenzetu si kumsahau aliyeumizwa. Akitulia wiki mbili tatu, mjomba na sheikh au padri wamchukue, wampeleke kwa mwenye mali, wakiwa wamepiga hodi siku moja kabla. Aombe radhi mwenyewe kwa kinywa chake. Kama anaweza kulipa kidogokidogo kila msimu wa korosho, alipe. Na mwenye mali akisema bado hajaweza kusamehe, aachwe, msamaha haulazimishwi.

Tena tusifumbe macho. Aliyefungwa kwa kudhuru watoto hapewi chumba cha pamoja na watoto, hata awe analia machozi ya damu. Aliyempiga mke mpaka akamvunja mkono harudishwi nyumba ile kwa sababu tu shangazi kaamua. Huruma ina macho.

Basi, tuhesabu. Siku ya kwanza: mtu wa kumpokea getini, sahani ya chakula na nguo safi. Wiki ya kwanza: kulala, kuambiwa ukweli wa nyumbani, barua ya mwenyekiti. Wiki ya pili: safari ya NIDA, na kazi ndogo ya kutoa jasho. Wiki ya tatu: kifaa cha kazi, au nafasi kwenye mashua. Wiki ya nne: kuomba radhi. Wiki ya tano na ya sita: jina kwenye daftari la kikundi, na kiti barazani kama watu wengine. Jumlisha gharama zake zote, haifiki bei ya mlango wa chuma na nondo za madirisha ambazo umezichomelea kwa kumwogopa.

Na ukimpa kibarua shambani, mlipe kama unavyowalipa wengine. Kuna tabia chafu imezuka ya kumpa mtu aliyetoka jela nusu ya ujira, ukijua hana pa kwenda kulalamika. Mpe fedha yake jioni hiyo hiyo, uhesabu mbele yake, na umwite kwa jina alilopewa na mama yake.